Jina la Mwisho kwenye Orodha

Barabara ya Hessle, Hull
Jumamosi, tarehe 9 Machi

Kwako mdogo wangu Colin,

Nakusalimu salamu za mtu aliyekuosha masikio kabla hujajua kusema. Hujambo? Leanne hajambo? Watoto, na wajukuu ambao sijapata kuwatia machoni, wote hawajambo? Lile goti lako ulilolilalamikia kwenye simu ya Krismasi limepata nafuu, au bado unachechemea? Mimi ni mzima. Daktari ananiambia moyo umechoka, nikamwambia ungekuwa umebeba ulichobeba huu wangu na wewe ungechoka, akasema yeye hatanii, nikamwambia wala mimi. Nina miaka sabini na tano na bado napandisha gunia la viazi begani mpaka ghorofa ya pili bila kupumzika, wakati kijana wa jirani, ana thelathini tu, anapanda na mkate mmoja akihema kama mbwa.

Usiucheke mwandiko. Barua hii nimeianza Jumatatu. Wewe umezoea mwandiko wa Maureen wangu, Mungu amlaze pema, ambao ulikuwa umelala upande mmoja vizuri kama nyasi zilizopitiwa na upepo. Huu wangu umesimama kila herufi kivyake, kama watu waliogombana. Kwa nini naandika mwenyewe, nitafika huko. Usiniharakishe, unajua sipendi kuharakishwa.

Baada ya hayo, kilichonikalisha mezani ni hiki. Brenda Garton alinijia mwezi wa kwanza, siku ya mvua ya barafu. Ndiye huyo huyo aliyekuwa akiwapigia ngoma kwenye bendi yenu. Sasa ni bibi wa watu, kichwa chote cheupe, lakini bado anaingia nyumbani kwa mtu bila hodi na bado anakaa kitini kama yuko nyuma ya ngoma. Akaniambia Klabu ya Wapakuzi inabomolewa, wanataka kuweka maegesho ya magari. Wameruhusiwa onyesho moja la mwisho kwenye kile chumba cha juu, tarehe kumi na nne Juni, na bendi zote za zamani ambazo bado zina watu wa kusimama kwa miguu yao zitapiga. Nikamwuliza, na nyinyi Matumbo ya Samaki je? Akaweka kikombe chini. Brenda akiacha chai, ujue kuna msiba. Halafu akasema amekupigia simu huko ng'ambo, Fremantle, mara tatu, na mara ya tatu ulimwambia kwamba mji huu ulikutazama miaka mitatu ukiimba mpaka koo likatoka damu, na mtu mmoja tu wa maana aliyeahidi kuja kuwasikiliza hakuja, na wewe huwezi kukaa kwenye ndege mchana kutwa na usiku kucha ili ukakumbushwe siku ambayo hakuna aliyekuja.

Nikamwambia Brenda nitakuandikia. Akanitazama juu hadi chini, akasema, "Wewe, mzee Roy? Uandike?" Nikamwambia mimi, nani mwingine, na kama amemaliza chai aende. Akaenda akicheka.

Sasa Colin, mimi si mtu wa kujisifu, lakini muziki wa panki katika mji huu ni mimi niliyeusimamisha. Nyinyi mlikuwa mnapiga kelele. Mlango niliushika mimi. Nani aliyemwendea katibu wa klabu, yule mzee aliyeamini gitaa la umeme linaleta kifua kikuu, akamwambia vijana watapiga kila Alhamisi ghorofani au sivyo zamu yangu yote ya wapakuzi wa samaki gatini itahamia baa nyingine? Mimi. Nani aliyebeba ile spika ya besi mliyoiita Jeneza, peke yake, ngazi ishirini na sita, huku nyinyi wanne mmesimama chini mkishauriana? Mimi. Na polisi wale wawili waliopanda kuzima muziki wakateremka wakiwa wamenunua bia, nani aliwazungumzisha? Nisikuchoshe. Unajua mwenyewe.

Wala muziki wenyewe sikuupenda. Nilisema wakati ule na sijabadilisha. Kila wimbo ulianza kabla mtu hajajiandaa na kuisha kabla hajaelewa. Na ile heshima yenu ya kutemeana mate mpaka leo hainiingii akilini. Unamkumbuka yule kijana wa kwanza aliyekutemea? Nilimshika kola nikamshusha ngazi zote miguu haigusi, nikarudi juu najipangusa mikono nikitegemea shukrani, kumbe umesimamisha wimbo katikati na unanifokea kwenye kipaza sauti mbele ya watu wote, "Kaka, mrudishe! Huyo ananipenda!" Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Ikabidi nikamtafute mtaani, nimwombe radhi, nimrudishe, na akapanda tu akakutemea tena nawe ukampigia saluti.

Lakini nikwambie kweli, haipiti Alhamisi bila mimi kuvaa koti na kwenda kusimama upande wa pili wa barabara, pale palipokuwa na duka la chipsi, nikatazama yale madirisha ya juu. Sasa yamezibwa kwa mbao. Mimi nayaona wazi. Nawaona wale watoto wamejipanga ukutani mpaka kona, pini za nepi mashavuni, nywele wamezisimamisha kwa maji ya sukari ya jikoni kwa mama zao, mvua inazilaza nao wanazisimamisha upya kwa viganja. Meli zilikuwa zimelala gatini zinaota kutu kwa sababu Waaislandi walikuwa wametufungia bahari yao tusivue, na kila kijana aliyezaliwa awe baharia alikuwa hana pa kwenda ila kwenye chumba kile. Nasikia ngazi zikitetemeka. Naona kuta zikitoka jasho, nanusa makoti mabichi na pati za viazi kwenye karatasi, na harufu ya samaki kwenye mikono yangu mwenyewe, ambayo sabuni haikuiweza na leo natamani ingerudi. Namwona Brenda amekaa pembeni ya jukwaa akimlaani kila mpiga ngoma wa bendi nyingine, maana ngoma zilikuwa zake na bendi zote ziliazima hizo hizo. "We punda, hiyo si ng'ombe, usiichinje!" Na namwona mdogo wangu, mwembamba kama fimbo ya kuvulia, anaegemea kile kipaza sauti, anafumba macho, na chumba kizima kinanyamaza nusu sekunde kabla ya kelele. Hiyo nusu sekunde. Nimetafuta kitu cha kuifananisha nacho kwa miaka arobaini na minne, sijapata.

Nyimbo zenu kumi na moja ninazo zote kichwani, neno kwa neno, pamoja na mistari uliyoibadilisha ukidhani hakuna atakayejua. Brenda hazikumbuki. Wewe bila shaka umezisahau. Hakuna kaseti iliyosalia. Kwa hiyo ukitaka kujua Matumbo ya Samaki waliimba nini, dunia nzima, itabidi umwulize mpakuzi mmoja mzee wa Hull ambaye hakuupenda muziki huo.

Sasa nije kwenye habari ya kuandika. Maureen alipofariki, mwaka wa juzi, barua zilianza kunipiga vita. Zinaingia mlangoni, naziweka nyuma ya saa. Tatu zilikuwa za hospitali, zinaniita kuhusu huu moyo, mpaka siku moja mwanamke akapiga simu akauliza kama bwana Stathers bado yu hai. Nikamwambia inategemea nani anauliza. Lakini nilipokata simu nilikaa kitini, Colin, nikazitazama zile barua, nikaona nitakufa kwa ukaidi, na ukaidi ni kitu kizuri ila si cha kufia.

Nikaenda maktaba. Kuna darasa kule kila Jumanne na Alhamisi asubuhi, linafundishwa na binti wa Kikurdi anaitwa Dilan, mdogo kama kidole lakini akikukazia macho unakaa. Tulikuwa wanafunzi tisa, Wapolandi, Wakurdi, dereva mmoja wa teksi kutoka Sudani, na mimi. Siku ya kwanza Dilan akatuambia kila mtu aseme ametoka wapi. Zamu yangu nikasema nimetoka mtaa wa tatu kutoka hapa. Yule Msudani akaniuliza kwa adabu sana, "Na hapa nchini umefika mwaka gani, mzee?" Nikamjibu mwaka arobaini na nane, nimepitia kwa mama. Tangu siku hiyo tukawa marafiki. Na bila kujisifu, ifikapo Novemba nilikuwa nimewapita wote isipokuwa Mpolandi mmoja ambaye nadhani alikuwa anajua tangu zamani.

Basi sasa umeshajua, na sasa keti, kama umesimama.

Nilikuwa sijui kusoma. Sisemi kusoma kwa shida. Nilikuwa sijui kabisa, hata jina langu nililichora tu kama picha. Baba alipozama nilikuwa na miaka kumi na miwili na wewe mmoja, mama akaenda kuning'iniza samaki kwenye nyumba ya moshi, na mimi nikaacha kwenda shule ili mtu awepo wa kukushika. Ulipofika umri wa shule nilikuwa nakupeleka kila asubuhi nikitoka gatini, nakufikisha getini, na lile geti nililiogopa hata nikiwa na mabega ya mwanamume. Lile gazeti nililokuwa nalishika wakati wa chai, nilikuwa natazama picha za raga. Maureen alijua. Mama alijua. Wewe sikutaka ujue, kwa sababu ulikuwa unaniangalia kama vile najua kila kitu, na mtu akiangaliwa hivyo hawezi kushuka.

Brenda naye alijua. Nimemwambia mwezi uliopita, akasema, "Mzee, mimi nilijua tangu wiki ya pili, unadhani nilikuwa nasoma yale majina kwa sauti kwa ajili ya nani?" Maana ndivyo ilivyokuwa. Unakumbuka orodha ya wageni, ile karatasi mliyokuwa mkiibandika kwenye meza yangu mlangoni, majina ya wanaoingia bure: mama wa fulani, mchumba wa fulani, wale vijana wa jarida la kurudufu. Saa kumi na mbili jioni Brenda alikuwa anapita kwangu na kuyasoma yote kwa sauti kama anayahakiki, nami nimeinama najifanya nafunga kiatu, nayashika kichwani. Majina thelathini, sikuwahi kukosea. Mtu akija anataja jina, mimi napitisha kidole kwenye karatasi taratibu, nakunja uso, nasema pita. Hakuna mlinzi wa mlango mwenye uso wa kusoma kama wangu.

Tarehe ishirini na tisa Novemba, mwaka sabini na tisa, ilikuwa Alhamisi. Mlikuwa mmepigiwa kwenye kile kibanda cha simu cha kona kwamba mtu wa kampuni ya santuri ya London atapanda treni kuja kuwasikiliza. Brenda alishanisomea orodha, kisha akatoka mbio kutafuta ngozi ya ngoma kwa sababu ile kubwa ilikuwa imepasuka. Ukaja wewe na kalamu. Ukaandika kitu chini kabisa, ukaniambia, "Kaka, nimeongeza jina la mwisho. Hilo ndilo lenyewe. Huyo mpishe kama mfalme." Nikatazama karatasi. Nikasema, "Nimeliona." Ukanipiga bega ukakimbia ndani kwa sababu Jeneza lilikuwa linanguruma lenyewe.

Kulikuwa na nafasi ya kusema, "Nisomee." Neno moja. Ulikuwa bado kwenye korido, naona mgongo wako. Nikajiambia mtu wa London nitamjua tu, atakuwa na suti na sigara nene.

Alikuja kijana mwembamba, koti la mvua la bei rahisi, nywele zimemshikana usoni, mfuko wa plastiki mkononi. Nyuma yake foleni mpaka chini ya ngazi. Akasema anaitwa Pell na yumo kwenye orodha. Unajua wakati ule kila mtu alikuwa yumo kwenye orodha. Wiki iliyotangulia nilifukuza mtu aliyedai ni mtoto wa Brenda, na alikuwa na mvi. Nikapitisha kidole changu kwenye karatasi juu mpaka chini. Nikasema, "Hupo." Akainama, kwa upole tu, bila dharau, akaweka ncha ya kidole chake kwenye mstari wa mwisho, akasema, "Nadhani ni hili hapa."

Colin, hapo nilijua. Nataka usome hili mara mbili. Nilijua. Uliniambia la mwisho, naye kidole chake kiko kwenye la mwisho. Ningesema samahani bwana, taa hafifu, pita. Lakini msichana mmoja kwenye foleni, kwa utani tu, akapiga kelele, "Labda Roy hajui kusoma!" na ngazi nzima ikacheka. Hawakujua walichokicheka. Walicheka kwa sababu lilikuwa jambo lisilowezekana, jitu kama mimi. Mimi nikasikia damu imenipanda masikioni. Nikaichukua ile karatasi, nikaikunja, nikaikalia. Nikamwambia, "Nimesema hupo. Unanifundisha kazi yangu?" Akasema basi atalipa kiingilio kama wengine. Nikamwambia pamejaa. Hapakuwa pamejaa.

Akashuka. Watu wakampisha. Nilidhani ameondoka.

Mkachelewa kuanza. Nilikuwa nakuona kwenye ufa wa mlango unavyotazama kila anayeingia. Halafu mkapiga, na nasema mimi niliyesikia maonyesho yenu yote, hamkupata kupiga vile kabla wala baada yake. Baada ya wimbo wa nne nikasikia hatua kwenye ngazi. Yule Pell. Amelowa mpaka viatu vinalia. Akanipa tangazo moja la onyesho, lile la karatasi ya manjano, limekunjwa mara mbili, na nyuma yake pameandikwa kwa kalamu. Akaniambia, "Mpe Colin, tafadhali, mimi treni inaniacha," akateremka mbio ngazi tatu tatu. Nikalitia mfukoni. Mlipomaliza ukanijia huku jasho linakutiririka, ukaniuliza, "Hakuja?"

Nikasema, "Hakuja."

Nilijiambia ni matusi. Mtu uliyemfukuza kwenye mvua atakuandikia nini kama si matusi? Nilijiambia nikikupa utasoma jinsi kaka yako alivyokuaibisha. Nikupe kesho. Kesho ikawa wiki. Nanyi mlikuwa na msemo wenu, kwamba London haifuatwi, ikitaka treni ipo, na kwa kiburi hicho hamkupiga simu hata mara moja kuuliza kulikoni. Kiburi chenu kikakisaidia changu. Kufika Februari bendi imevunjika na Brenda hasemi nawe, kufika Machi nimekusindikiza stesheni na sanduku la baba, uende zako ng'ambo. Nilikununulia pati na chipsi, ukazishika tu zikapoa. Ukasema, "Labda hatukuwa wazuri kama tulivyodhani, kaka." Nikakuambia utachelewa treni.

Hilo neno lako limekaa na mimi muda mrefu kuliko mke wangu. Mara mbili nimeipeleka ile karatasi kwenye moto na mara mbili nimeirudisha chini ya karatasi ya droo. Sikuweza kumpa Maureen anisomee. Maureen angenifanya nikuandikie siku hiyo hiyo.

Wiki ya pili ya Februari mwaka huu, Dilan alitupa kazi ya nyumbani: tutafute kitu chochote kilichoandikwa kwa mkono nyumbani mwetu, tukisome. Nikakaa kitandani. Ilinichukua saa nzima, maana mwandiko wake mbaya na mvua ilikuwa imeula. Nakunakilia hapa, na yenyewe nimeitia ndani ya bahasha hii, ni yako:

"Colin, mlangoni wamenikatalia, si kitu. Nimesimama uani chini ya dirisha na nimesikia nyimbo nne. Huo wa nne ndio. Nipigie kesho kabla ya saa sita mchana, nitakuwa mezani nakusubiri. Msibadilishe chochote. Pell."

Na namba ya simu. Nilijaribu kuipiga. Haipo tena.

Wimbo wa nne ulikuwa ule wa Viatu vya Mbao. Uliutunga wewe, mtoto aliyelala chumba kimoja na kaka yake, akisikia viatu vya mbao vya wapakuzi vikipita barabarani kabla ya alfajiri na kujaribu kujua vya kaka yake ni vipi. Uliposema kwenye jukwaa unamhusu nani, mimi nilijifanya nimeshughulika na mlango.

Sikuandika haya ili unisamehe. Sijui kama mimi ningekusamehe, na unajua mimi ni mtu mgumu. Nimeandika kwa sababu umekaa huko ng'ambo miaka yote, unatengeneza injini za boti za watu, ukiamini kuna siku mlipimwa mkaonekana pungufu. Haikuwapo siku hiyo. Alikuja. Alisimama kwenye mvua, hana mwavuli, akasikiliza, na akawataka. Ulikuwa sahihi ulipokuwa na miaka ishirini, na kila ulilodhani juu ya sauti yako lilikuwa kweli, na mtu pekee aliyekuwa na ushahidi alikuwa nao mfukoni na hajui kuusoma.

Brenda hajui habari hii ya Pell. Wewe ndiye wa kwanza. Ukitaka ajue mwambie, ukitaka mji mzima ujue panda jukwaani tarehe kumi na nne Juni uuambie, nami nitakuwa nimesimama mahali pa kuonekana. Maneno ya nyimbo zote kumi na moja nimeyaandika, Dilan amenisaidia herufi kubwa, nayo yamo humu. Kitanda cha chumba cha nyuma nimekianika. Ngazi hapa hazina tabu kwa mtu mwenye goti, nitakubeba kama nilivyolibeba Jeneza, na usidhani natania.

Nisalimie sana Leanne, mwambie nashukuru kwa ile picha ya wajukuu, na kwamba yule wa kati amechukua masikio ya baba yetu, apewe pole. Dilan anakusalimu, hakujui lakini amesikia. Brenda hakusalimu, amekasirika, lakini amenunua ngozi mpya za ngoma.

Na kama huji, Colin, kama baada ya kusoma haya hutaki kuniona tena, hiyo ni haki yako na sitakupigia simu. Ila usinyamaze. Niandikie matusi. Andika yote, usimwachie mtu mwingine akupunguzie makali, jaza kurasa mbele na nyuma. Sitamwita mtu. Nitayasoma mwenyewe.

Ni mimi kaka yako,
Roy Stathers